Mpini Laini, Mpini wa Mikato

Mubende
3 Machi 1997

Fundi Sifuna,

Salamu kutoka huku kwenye vumbi. Mimi ni mzima, ila nimechoka kama kawaida yangu. Natumaini kifua chako kimeacha kukohoa unga wa mvule.

Ndani ya kifurushi hiki kuna vibao viwili vya mpini wa bastola yangu ya kazi, ile ya kuzunguka yenye risasi sita unayoijua. Kibao cha kushoto kilipasuka nilipoteleza kwenye ngazi za kituo. Watu wa stoo hawana vingine. Walinicheka, wakasema bastola hii ina umri mkubwa kuliko mkuu wa stoo mwenyewe. Bastola siwezi kukuletea, sheria unaijua, kwa hiyo fanya kazi kwa kuangalia hivi vya zamani. Kwa sasa chuma nimekizungushia mpira wa baiskeli.

Nichongee vipya kabla ya mwezi wa sita. Sisi wazee wote tumeitwa Kampala kupimwa shabaha. Risasi kumi na mbili, nane lazima ziingie. Anayeshindwa anapewa cheti cha shukrani na kuambiwa arudi kwao. Kwetu unapajua: nyumba ilichomwa, shamba limekuwa msitu, na njia ya kufika huko ina waasi. Kile chumba cha kota pale Nakawa ndicho kwetu. Nikishindwa, mimi na Mama Lamunu tunatoka na godoro kichwani. Nimevaa sare hii tangu mwaka 1968, chini ya serikali ngapi hesabu wewe, na sijui kazi nyingine.

Jambo la mwisho. Vibao vya zamani usivitupe, hata hicho kilichopasuka. Mali ya serikali hurudi ilivyotoka. Siku nitakayoirudisha bastola hii, itarudi na vibao vyake, na vyako nitabaki navyo mimi.

Wako,
Sajenti Okullo


Old Kampala
14 Machi 1997

Afande Okullo,

Kifurushi kimefika kwa mkono wa dereva wa basi, amekilinda vizuri. Kifua bado kinakohoa. Moreen ananiambia niache mvule, nami namuuliza nitakula nini, miguu ya vitanda haijichongi.

Sasa jibu swali kabla sijashika msumeno. Unataka mpini laini au wa mikato?

Nilipokuwa kijana, duka hili lilipokuwa la Mhindi aliyeuza bunduki za kuwindia, wateja waligombania jambo hili mpaka chai ikapoa. Siku hizi mbele wanauza magodoro na mimi nimebakiwa na baraza ya nyuma, lakini ugomvi bado naukumbuka. Mpini laini haukwaruzi kiganja bastola inaporuka. Haunasi kwenye nguo unapoitoa. Na uzuri wa mti unaonekana wote, kila mshipa. Mpini wa mikato una miraba midogo midogo kama ganda la nanasi. Mkono ukiwa na jasho au mvua ikinyesha, hauchezi. Ila ukipiga risasi nyingi, kiganja kinakuwa kama kimepitishwa tupa. Mimi unanijua, siku zote ni mtu wa laini. Naona mikato inauficha mti.

Ukitaka mikato, mvule haufai. Nyuzi zake ni nene, miraba inameguka. Nina kipande cha mzeituni wa mwitu kutoka kwetu Elgon, nimekiweka miaka kumi na moja nikisema nitakifanyia kitu cha maana. Tangu zile siku tatu ulizolala chini ya mbao zangu, Januari ile ya 1986 serikali yenu ilipoanguka, sijakuchongea hata mwiko. Kitakuwa chako.

Nitumie vitu viwili. Kwanza, weka mkono wa kulia juu ya karatasi na uuzungushie kalamu. Pili, nunua mche wa sabuni, uloweke mpaka ulainike, kisha uushike kama unavyoshika bastola, kwa nguvu zako zote. Uanike kivulini na uutume kama ulivyo. Sabuni inanionyesha mahali mkono unapokaza, karatasi haiwezi.

Wako,
Wycliffe Sifuna


Mubende
29 Machi 1997

Fundi Sifuna,

Mikato. Hiyo laini waachie maofisa wanaopiga picha wakiwa wameshika kiuno. Mwezi wa sita Kampala kuna jasho, na mimi nikiwa na wakubwa mgongoni natoka jasho hata kwenye kucha. Fanya mikato iwe mirefu, isiyo na huruma. Kiganja changu kimezoea mambo mabaya kuliko hayo.

Karatasi hii hapa. Mistari imepindapinda kwa sababu kalamu za kituo ni mbovu. Sabuni nimempa Mama Lamunu aliyekuja kuniona wiki hii. Atakuletea mwenyewe, maana dereva wa basi angeiogea.

Wenzangu wameanza kukata tamaa. Oyat, wa kituo jirani, amekwisha kuuza kuku wake. Mimi sijauza kitu, nakutegemea wewe.

Wako,
Sajenti Okullo


Nakawa, kota za polisi
5 Aprili 1997

Baba Moreen,

Shikamoo. Sabuni ya mzee nimeiacha kwa mama wa magodoro. Nilikuja mwenyewe, lakini barazani kwako palikuwa na wanaume wanne wanabishana juu ya kitanda, na maneno yangu si ya kusemwa mbele ya wanaume wanne.

Sabuni ile nusura niifulie. Alinipa imefungwa kwenye soksi bila kunieleza neno, nami nikadhani amekuwa mwema, kanikumbuka kwa sabuni. Nilipoitoa kwenye beseni niliona alama za vidole. Utaziona. Kidole gumba kimezama, cha shahada na cha kati vimezama. Viwili vya mwisho havikuacha hata mkwaruzo.

Mwaka mzima nimemwona hafungi kifungo cha mkono wa kushoto. Kikombe anakishika kwa mikono miwili kama mtoto. Nikimuuliza, anasema baridi ya Mubende. Nimeolewa naye miaka ishirini na sita na bado ananidanganya kama mgeni.

Kuna jambo lingine ambalo sidhani amekuambia. Watakaofaulu hawabaki Mubende. Huku kota wanawake tunajua kabla ya waume zetu: wote wanapelekwa Karuma, kusindikiza magari barabara ya kaskazini. Mume wa Abalo, mlango wa tatu kutoka kwangu, aliondoka mwezi wa kwanza. Tumemzika Februari. Alikuwa na vidole vyake vyote kumi.

Nakuomba umchongee laini. Laini kabisa, uipake mafuta iteleze. Akose hizo risasi, apewe cheti chake, arudi. Anaogopa kutoka na godoro kichwani. Mimi nimebeba mengi kichwani na shingo yangu ipo. Nimekwisha kuona chumba cha kupanga kule Banda, na odii yangu sokoni Nakawa inanunuliwa kila siku, watu wetu hawawezi kuishi bila simsim na karanga zao zilizosagwa. Ninamtaka hai, hata akiwa na vidole vitatu.

Usimwambie nimekuandikia.

Aloyo, Mama Lamunu


Old Kampala
24 Aprili 1997

Mama Lamunu,

Marahaba. Barua yako nimekaa nayo karibu wiki tatu, na sabuni iko mbele yangu juu ya meza ya kazi. Ulichokiona nimekiona. Mistari ya karatasi nayo haikupindwa na kalamu.

Nitakueleza nilivyofanya, nawe unikasirikie ukitaka. Kwanza nilichonga laini, kama ulivyoomba. Mzeituni ule ulitoka vizuri mpaka nikaona aibu, ulikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizofanya tangu Mhindi aondoke. Nikaufunga. Kesho yake nikaufungua. Mwenye bastola aliniomba mikato kwa barua yake mwenyewe, na mimi sijawahi kumpa mteja kitu asichokitaka na kumwambia ndicho. Kipande cha mti kilikuwa kimebaki. Nikachukua ile tupa ya meno mawili, jino moja linakata na jingine linafuata mstari uliokwisha kukatwa, nikakaa siku nane nikikata. Ni mikato mirefu. Pale vinapokaa vidole viwili vya mwisho nimeacha mti uvimbe kidogo, upate kukutana na vidole visivyokaza.

Kwa hiyo zipo jozi mbili. Ya laini imo kwenye gazeti. Ya mikato imo kwenye kitambaa cha bluu. Okullo sijamwandikia kitu. Wewe ndiye unayekwenda Mubende na chakula chake, kwa hiyo zote mbili nakupa wewe.

Najua ni kitu cha mtu mwoga. Nimechoka, Mama Lamunu, na mwaka ule nilimficha mtu huyu ili aishi. Sitaki mkono wangu uwe ndio uliomfelisha, wala ndio uliompeleka Karuma.

Sifuna


Nakawa
2 Mei 1997

Baba Moreen,

Mzigo ulikuwa wako na umenitwika mimi. Ungekataa tu, ningelia nikanyamaza. Sasa mimi ndiye ninayemchagulia mume wangu, tena kwa siri, ndani ya basi, kifurushi kimoja huku na kingine huku.

Nimempa cha gazeti. Cha kitambaa kimo ndani ya kopo langu la simsim, chini kabisa. Aligeuzageuza vile vibao muda mrefu. Akanishukuru kwa odii.

Usiniandikie mpaka mwezi wa sita uishe. Nina hasira na wewe.

Aloyo


Mubende
12 Mei 1997

Fundi Sifuna,

Vibao vimefika, na vimekaa kwenye chuma bila kucheza. Ni vizuri mno. Kijana wa zamu alidhani nimepandishwa cheo.

Lakini niliomba mikato, ukanipa laini. Wewe si mtu wa kusahau oda. Nimekaa nalo siku kumi na naona nimelielewa. Uliiangalia sabuni. Uliona vidole vyangu, ukasema moyoni, mzee huyu amekwisha, mikato ya nini, afadhali apewe kitu cha kupamba ukutani. Umeniambia kwa adabu, kwa mti mzuri, bila maneno. Pengine ndivyo rafiki anavyofanya. Iliniuma sana, sitakuficha.

Ila bado sijakwisha. Nimeuzungushia mpini wako mpira wa baiskeli, ule ule wa zamani, na kuukaza kwa uzi wa mshona viatu. Umependeza kama mguu wenye bandeji. Kila asubuhi nakwenda nyuma ya kilima na kukaza mkono mara mia mbili kabla ya chai. Tarehe sita Juni utasikia.

Okullo


Old Kampala
20 Mei 1997

Afande,

Barua hii nimeianza mara nne. Sikusema umekwisha. Sikusema hivyo kwa mti wala kwa mdomo, naomba uniamini hata kama sina namna ya kukueleza. Kuna mambo ambayo fundi haruhusiwi kuyasema kwa sababu si yake.

Mpira usiukaze sana, utazuia damu. Vibao vyako vya zamani ninavyo, vimo kwenye kopo la misumari juu ya rafu.

Unisamehe.

Sifuna


Nakawa
7 Juni 1997

Baba Moreen,

Ile hasira nimeiweka kando, sina nafasi nayo.

Amefaulu. Tisa kati ya kumi na mbili. Alirudi jana mchana, amevua kofia, kiganja kimevimba, anacheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu Lamunu aolewe. Neno la kwanza aliloniambia mlangoni, kwa Kiswahili chake cha kambini, lilikuwa hili: "Mimi iko bado. Andikia ule fundi wako, mwambie Okullo iko bado."

Nilijua hapo hapo tulichofanya. Tulidhani laini itamwangusha, nayo ndiyo iliyompa hasira ya kukaza mkono kila asubuhi. Angepata mikato pengine angeitegemea, akalala usingizi, akakosa. Sijui. Nimechoka kujua.

Kisha akatoa karatasi mfukoni. Karuma, Jumatatu. Alikuwa anajua tangu mwanzo, Baba Moreen. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungenizuia." Nikamwambia ndiyo, ningekuzuia. Akanishika bega kwa ule mkono wenye vidole vitatu. Baadaye nilitwanga simsim mpaka mikono ikafa ganzi, maana kama ningekaa bure ningelia, na sikutaka alibebe hilo.

Sasa anakwenda, na mpira ule ni wa baiskeli tu. Mvua ikiupiga utalegea, na chini yake kuna laini, nami ndiye niliyeiweka. Nataka kuweka mikato. Kesho anakwenda kanisani, bastola itabaki imefungiwa sandukuni na ufunguo ninao mimi. Niambie inavyofunguliwa. Nikimaliza nitazungusha mpira wake juu kama alivyoufunga, asijue. Akijua, itabidi nimweleze kopo la simsim, na sitaki aende Karuma akijua nilimwombea kushindwa.

Huyu niliyemtuma anasubiri jibu.

Aloyo


Old Kampala
7 Juni 1997, saa kumi

Mama Lamunu,

Kwanza kabisa usukume lile pipa dogo la risasi upande wa kushoto na uangalie matundu yote sita. Yakiwa matupu, ndipo uendelee. Kama kuna hata risasi moja, funga sanduku na uache.

Mpira uufungue kuanzia chini. Utaona skrubu moja tu, katikati ya kibao. Inafunguka kwa kuzungusha upande wa kushoto. Vibao vitatoka, usivivute, vitikise. Chini ya chuma kuna kijiti kidogo kinachoingia kwenye tundu la kibao, hakikisha kimeingia kabla hujakaza, la sivyo mti utapasuka. Ukishakaza skrubu, rudisha mpira.

Nakutumia bisibisi yangu ndogo kwa huyu mjumbe. Usitumie kisu, kinatafuna mdomo wa skrubu.

Ile jozi laini itunze. Sisi wawili hatutaizungumzia tena.

Sifuna

Barua hii ni nakala ya pili: nilipoimaliza nilimwita mjumbe wako, kumbe amekwisha kuondoka na ile ya kwanza, yenye maelezo yote ila mstari wa bisibisi. Hii naituma na bisibisi yenyewe kwa mtu mwingine. Natumaini itawahi.


Karuma
2 Oktoba 1997

Fundi Sifuna,

Karibu miezi mitano sijakuandikia. Mwanzoni ilikuwa kiburi, baadaye uchovu. Huku tunapanga magari asubuhi, tunayasindikiza, tunageuka na mengine jioni. Tope, nyasi ndefu, na dereva anayetaka kuwahi. Hakuna zaidi.

Wiki iliyopita mvua ilitukuta njiani. Lori la mbele lilikwama na tulipokuwa tunalisukuma, risasi zikatoka kwenye nyasi. Niliruka kwenye mtaro na kuchomoa bastola. Mpira wa baiskeli ukateleza wote mkononi mwangu, ukatoka kama soksi. Nikasema, basi, leo laini ya Sifuna inanizika. Nikakaza kwa vidole vitatu nilivyonavyo, na bastola haikucheza. Ilinishika yenyewe. Vidole viwili vya mwisho, ambavyo havijanisaidia kwa mwaka mzima, vilikuta mti umevimba pale pale vinapolala. Nilipiga mara mbili, wenzangu wakapiga, wale wa kwenye nyasi wakaondoka. Hakuna aliyeumia.

Nilikaa kwenye mtaro, maji hadi kiunoni, nikaangalia. Mikato. Mirefu, isiyo na huruma, kama nilivyoomba mwezi wa tatu. Nikadhani nimechanganyikiwa. Tulipofika kambini niliikausha bastola na kuichunguza kama ushahidi. Mdomo wa skrubu umetafunwa na kisu. Kisu chenye pengo karibu na ncha, kimeacha mikwaruzo miwili miwili kwenye mti. Nimekatiwa nyama na kisu hicho tangu tuoane. Nikanusa mti. Simsim.

Nimekuwa polisi miaka ishirini na tisa, Fundi, sikuhitaji shahidi. Kulikuwa na jozi mbili. Moja alinipa, nyingine akaificha, kisha akaificha tena mahali pengine, chini ya mpira wangu mwenyewe. Nilikaa juu ya gunia la mchanga nikalia. Nakuambia wewe kwa sababu hutamwambia mtu. Sikulia kwa kuwa alitaka nishindwe. Nililia kwa sababu nilimwona akiwa amepiga magoti mbele ya sanduku, kisu mkononi, anahangaika na skrubu, nami niko kanisani naimba.

Barua yangu ya mwezi wa tano uichome. Nilikukosea. Na nikiri uongo wangu pia: sikuteleza kwenye ngazi yoyote. Bastola ilinidondoka mkononi nikiwa nimesimama, asubuhi, bila mtu kunigusa. Ndivyo kibao kilivyopasuka.

Jana nimekwenda kwa mkuu wangu na kumwonyesha mkono. Nilimwambia aone mwenyewe kabla hajaona mwingine akifa kwa sababu ya vidole vyangu. Aliniuliza kwa nini nilikwenda kupimwa. Nikamjibu, "Kwa sababu walisema mimi siwezi." Amekubali. Tarehe thelathini narudisha bastola stoo ya Masindi, kisha narudi nyumbani, popote palipo nyumbani siku hizo.

Kwa hiyo nakuomba vile vibao vya zamani, hata kilichopasuka. Mali ya serikali hurudi ilivyotoka. Vya mikato nitakuja navyo mfukoni.

Mama Lamunu sijamwandikia. Kila nikianza, najikuta naandika ripoti.

Wako,
Okullo


Old Kampala
9 Oktoba 1997

Mama Lamunu,

Shikamoo, ingawa kwa umri ni wewe unayenisalimu. Leo nimejisikia nikusalimu mimi.

Mzee ni mzima. Barua yake naituma pamoja na hii, uisome yote, hata pale anapolia. Hakunipa ruhusa, nimejipa mwenyewe. Ameijua siri yako kwa sababu ya kisu. Bisibisi yangu ilikufikia imechelewa, sivyo? Au iliwahi, nawe ukaona kisu ni rahisi zaidi?

Anarudisha bastola. Ameomba vibao vyake vya zamani, navyo ni hivi. Kile kilichopasuka nimekiunganisha kwa gundi na kukisugua mpaka ufa hauonekani, ila ukiupitishia kucha utausikia. Stoo hawatapitisha kucha.

Chumba cha Banda uendelee kukishika. Nina kitanda cha mvule ambacho mwenyewe hajarudi kukichukua tangu Pasaka, nitakileta kwa toroli siku mtakayohamia, godoro lisikae kichwani kwa mtu yeyote.

Vibao hivi sivitumi kwa dereva. Basi la Masindi linaondoka tarehe ishirini na tisa, saa moja asubuhi. Mpelekee wewe. Safari hii ni kifurushi kimoja tu.

Sifuna